Shule Ikifungwa, Mzazi Asifungiwe Mlango

Kila mwaka, mwanzoni mwa Desemba, shule zetu hufungwa kwa likizo ndefu. Watoto hurudi nyumbani na daftari zilizojaa, walimu hufunga makabati, na kengele hunyamaza. Hayo ni ya haki, kwa kuwa kila afanyaye kazi anastahili kupumzika. Lakini siku hiyo hiyo hunyamaza kitu kingine ambacho hakikupasa kunyamaza, nacho ni mazungumzo baina ya shule na wazazi. Kundi la WhatsApp la wazazi, ambalo mwezi wa Novemba halikuwa na usingizi kwa habari za mitihani, mahafali na michango ya madawati, huwa kama kisima kilichokauka. Wiki hupita. Kisha, siku chache kabla ya shule kufunguliwa Januari, kundi hufufuka kwa tangazo moja tu: orodha ya vitu na fedha zinazotakiwa.

Sisi twaona desturi hii haifai, na kwamba inawaumiza watoto wa wafanyakazi na wakulima kuliko watoto wa watu wengine wowote. Mwenye uwezo humpigia simu Mkuu wa Shule, au hupanda gari lake akaenda kuuliza. Asiye nacho hungoja kuambiwa. Asipoambiwa, mwanawe huchelewa. Na mtoto wa mnyonge akichelewa, mara nyingi huachwa kabisa.

Wako watakaosema kwamba likizo ni likizo, na mzazi naye apumzike na shule. Ziko nchi za kaskazini ya dunia ambako likizo ndefu huangukia Julai na Agosti, wakati wa joto lao, na huko shule hujitaabisha kutuma picha na salamu mtandaoni ili wazazi wasije wakaisahau. Kwetu sisi neno si salamu. Likizo yetu ndefu huja katika joto la Desemba, kaskazi ikivuma pwani na mvua zikiwa zimekwisha kuanza Nyanda za Juu Kusini, na huo ndio mwezi ambao mambo mengi ya mtoto huamuliwa. Kunyamaza Desemba ni kunyamaza wakati mzazi anapohitaji sana kuambiwa.

Hebu tumtazame mtoto aliyemaliza elimu ya msingi. Mtihani ameufanya Septemba. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza kwa kawaida hutangazwa Desemba, na Januari mtoto hutakiwa awe amesimama mbele ya mlango wa shule mpya. Baina ya tangazo na siku ya kuripoti ziko wiki chache tu, na sikukuu za mwisho wa mwaka zimo humo humo. Katika siku hizo mzazi yampasa kujua mwanawe amepangiwa shule gani, apate fomu ya maelekezo, ashone sare, anunue viatu na daftari, na kama shule ni ya bweni, apate godoro na nauli. Orodha za majina hutolewa mtandaoni. Baba aliye zamu ya usiku bandarini, au mama achumaye chai Mufindi, hana kompyuta ya kuketi mbele yake na kutafuta jina moja katika maelfu. Walioweza kumtafutia ni walimu wa shule ile ile iliyomlea mtoto kwa miaka yote. Lakini shule imefungwa, na kundi la wazazi wa darasa la mwisho aghalabu huvunjwa siku ya mahafali, mara tu keki ikishakatwa.

Ndipo kila Januari husikika habari za viongozi wa wilaya na watendaji wa kata wakizunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoto ambao hawajaripoti. Kazi hiyo ni njema, wala hatuibezi. Ila twauliza: je, si rahisi zaidi kupeleka maneno mawili Desemba kuliko kupeleka mgambo Januari?

Tena wako wazazi wanaoogopa gharama isiyokuwapo. Serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaiondoa katika kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo bado wapo vijijini wanaoamini kwamba mtoto asiye na fedha mkononi atarudishwa mlangoni, na imani hiyo hukuzwa na tangazo lile la Januari lisilopambanua kipi ni lazima, kipi ni hiari ya wazazi wenyewe na kipi ni tamaa ya mtu mmoja. Mzazi aliyeelezwa mapema huuza kuku wawili, hupunguza pombe, hukopa kwa ndugu, na mambo yakaenda. Aliyeambiwa siku tatu kabla hukimbilia mkopo wa simu. Na wakopeshaji hao twawajua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani programu 69 za mikopo zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Wananchi wamekwisha kuipa mikopo ya namna hiyo jina lake, kausha damu, nalo halihitaji maelezo. Matangazo ya mikopo hujipenyeza hata katika makundi ya wazazi, na hujipenyeza zaidi pale ambapo kundi limeachwa bila msimamizi. Nyumba isiyo na mwenyewe huota nyasi.

Liko na jambo la mtaala mpya, ambalo twashangaa kuona wazazi wengi hawajaelezwa barabara. Mtaala huo ulianza kutumika Januari 2024, na kwa mujibu wake elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Kwa mpango huo, mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wale wa darasa la saba watamaliza pamoja, na mwaka unaofuata watabisha hodi pamoja katika shule za sekondari. Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana atajikuta ana sare mbili za kidato cha kwanza za kununua kwa wakati mmoja. Habari ya namna hiyo haitaki kungojea mkutano wa wazazi ambao nusu yao hawatahudhuria kwa kuwa wako kazini. Yataka kupelekwa taratibu, mara kwa mara, watu waulize, wajibiwe, nao waanze kuweka akiba.

Na binti aliyekatizwa masomo kwa kupata mtoto, je? Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana wa namna hiyo wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa. Lakini uamuzi uliomo katika faili haumrudishi binti darasani, mpaka mama yake aujue, na baba yake aukubali, na jirani aache kumcheka. Desemba ndio wakati wa nyumba kuzungumza habari hiyo, kwa kuwa Januari ndio wakati wa kurudi. Mwalimu akiandika katika kundi la wazazi, bila kumtaja mtu, kwamba mlango uko wazi na aende kwa nani kuuliza, ametimiza kazi ambayo hotuba kumi hazikuitimiza.

Sasa tuseme lililo zito kuliko hayo yote. Katika sehemu za Mkoa wa Mara, Desemba ni msimu wa kukeketa wasichana. Shule imefungwa, jicho la mwalimu haliko, mavuno na ng'ombe viko, na wazee wa mila huweka siku. Sheria imekataza tendo hili kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, nayo ni sheria ya makosa ya kujamiiana iliyopitishwa na Bunge letu wenyewe, wala si amri ya mgeni. Hata hivyo wasichana bado hukimbia usiku kwenda katika nyumba salama, wakiwa na nguo walizovaa tu. Watakaotwambia kwamba ujumbe wa simu hauwezi kuizuia mila wamesema kweli nusu. Mzazi aliyekwisha kuazimia hatabadilika kwa kusoma maneno matatu. Lakini katika kundi lile wamo wazazi mia, na si wote walioazimia. Wamo shangazi, wamo majirani, wamo akina baba wasiotaka, ila kila mmoja hudhani yu peke yake. Mwalimu Mkuu akiandika mwanzoni mwa Desemba akikumbusha sheria, akitaja dawati la jinsia la polisi, akitaja na namba 116 ambayo mtoto au mtu yeyote hupiga bure kuomba msaada, basi wale waliokuwa wakinong'ona kila mtu kivyake watajua kwamba wako wengi. Hilo si dogo.

Tumesikia ikisemwa kwamba haya ni mambo mapya, ya vijana, na kwamba simu haiwezi kuwa chombo cha kujenga taifa. Wasemao hivyo wamesahau historia ya nchi yao. Mwaka 1973 iliendeshwa katika nchi hii kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo chake kilikuwa redio. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi, vijijini na makazini, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaondoka kwenda kufanya walichokubaliana: kuchimba choo, kufyeka vichaka karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Walioshiriki walikadiriwa kufika watu milioni mbili, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu wengi kama leo, na ambayo wengi wao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma.

Twaomba wasomaji walitafakari jambo hilo, maana ndani yake ndimo lilimo jibu letu. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Waliochimba ni watu, na walichimba kwa sababu mambo matatu yalikutana: kikundi kilichojuana, kiongozi aliyefunzwa kazi yake, na jambo moja la kufanya kwa kila wiki. Ondoa mojawapo, na redio ingebaki kuwa sauti inayopita hewani. Kundi la WhatsApp la wazazi ni hivyo hivyo. Watu wamo, tena wanajuana. Kinachokosekana ni kiongozi ajuaye kazi, na jambo la kufanya. Kwa kukosa hayo, kundi hujazwa picha za maua za asubuhi njema, dua za kutumwa kwa watu kumi, ugomvi wa mpira baina ya Wanajangwani na Wekundu wa Msimbazi, na habari za uzushi zisizo na baba wala mama. Wazazi wenye kazi zao hulizima kundi lisilie. Januari ikifika na tangazo la maana likatumwa, hawalisikii, kwa kuwa walikwisha kuziba masikio tangu Desemba.

Kwa hiyo wasitudhanie tunataka maneno mengi. Tunataka maneno machache. Ujumbe mmoja kwa wiki watosha, siku ile ile na saa ile ile, ili mzazi azoee kuutazamia kama alivyozoea taarifa ya habari. Jumamosi jioni yaweza kuwa saa nzuri, watu wengi wakiwa wameoga na kuketi. Ujumbe uwe wa jambo moja. Wiki hii uchaguzi wa kidato cha kwanza. Wiki ijayo sare na vifaa, pamoja na kueleza wazi kipi si lazima. Wiki nyingine ombi dogo: kila mtoto amsomee mkubwa wa nyumba ukurasa mmoja wa kitabu chochote kilichomo ndani, hata kama ni gazeti lililofungia sukari, au amhesabie mama mapato ya genge. Hatutaki masomo ya ziada ya kulipia yaingizwe likizoni kwa mlango wa nyuma. Mtoto acheze, achunge, apalilie, amjue bibi yake. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamikia shule inayomtenga mtoto na watu wake hata akaona aibu na kazi ya baba yake. Likizo ndiyo nafasi ya kuuondoa utengano huo, na shule ikiandika kumwomba mzazi amfundishe mtoto kazi yake, basi shule imempa mzazi heshima ya ualimu. Ni wazazi wangapi katika nchi hii waliowahi kupewa heshima hiyo?

Ombi jingine lihusu wapi mtoto alipo. Kila Desemba mabasi hujaa watoto katika kituo cha Magufuli, Mbezi, wakielekea Rombo, Same, Songea na Bukoba. Baba amebaki Dar es Salaam na simu yake, naye ndiye aliyeandikwa katika daftari la shule. Anayekaa na mtoto ni bibi, na namba yake haijulikani. Ujumbe wa shule humfikia asiye na mtoto, na mwenye mtoto hajui lolote. Dawa yake haina gharama: siku ya kufunga shule mwalimu wa darasa aulize kila mtoto atakuwa kwa nani, aandike na namba ya simu ya huyo. Na hata kwa wale wasiosafiri, akina baba wasikasirike tukisema kwamba namba ya mama ndiyo yenye manufaa zaidi mara nyingi. Shule nyingi zina namba ya baba peke yake, na baba ujumbe akiupata huuweka mfukoni.

Twafika sasa kwa watu ambao mipango ya mtandao huwasahau. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 laini za simu zilikuwa zimezidi milioni 80. Mtu akisoma tarakimu hizo upesi atadhani kila Mtanzania anazungumza na dunia nzima. Sivyo. Mmoja ana laini tatu, mwingine hana hata moja, na wengi walio na simu wana kitochi kisichoweza kupokea WhatsApp. Mwenye simu janja naye hana kifurushi kila siku. Mfanyakazi wa kutwa hununua cha shilingi mia tano akipata, na asipopata hukaa. Picha na video nzito zinazotumwa na shule zenye majivuno humlia kifurushi chote kabla hajafika kwenye neno lenyewe.

Tulikwisha kuona matokeo ya kusahau huko. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, zikakaa zimefungwa hadi mwisho wa Juni kwa watoto walio wengi, baadhi ya watoto walitumiwa kazi kila asubuhi kwa simu za wazazi wao, na wengine wakakaa barazani mpaka shule zilipofunguliwa. Virusi havikubagua, ila simu ilibagua. Chama cha wafanyakazi na wakulima hakiwezi kuuridhia mpango wa likizo utakaofanya vivyo hivyo kila Desemba.

Basi neno litumwe kwa maandishi mafupi, litumwe kwa WhatsApp na kwa ujumbe wa kawaida wa simu, na kwa asiye na simu lipelekwe kwa miguu. Nani ataenda kwa miguu? Hapa ndipo tunapowageukia wanachama wenyewe. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ili neno lifike kila mlango na neno la kila mlango lirudi juu. Mashina bado yapo, mabalozi wapo. Tena iko Jumuiya ya Wazazi, iliyotokana na TAPA ya mwaka 1955, jumuiya iliyozaliwa kwa sababu serikali ya kikoloni haikutaka kumsomesha Mwafrika kiasi alichotaka mwenyewe. Wazee wale walijenga madarasa kwa miti na udongo, bila simu na bila mtandao. Kupeleka ujumbe mmoja kwa wiki katika nyumba chache zisizo na simu si mzigo wa kuwashinda wajukuu zao.

Lakini tuwaonye wanachama kwa nguvu ile ile. Kundi la wazazi si tawi la Chama. Ndani yake wamo wazazi wa vyama vyote na wasio na chama, na wote wana haki sawa kwa mtoto wao. Wapo viongozi wa matawi, nao si wachache, ambao wakiona kundi lenye watu mia mbili huona kura mia mbili, wakaanza kumwaga picha za wagombea na nyimbo. Wanafanya vibaya. Siku mzazi mmoja atakapoondoka kundini kwa kuchoshwa na siasa, mtoto wake atakuwa amekosa habari ya shule kwa ajili ya tamaa ya mtu. Balozi aendaye kwa miguu aende kama jirani, asome ujumbe wa Mwalimu Mkuu kama ulivyoandikwa, na sare ya Chama aiache nyumbani.

Na walimu wakuu nao wana lao. Iko tabia ya kuanika majina ya watoto katika kundi: huyu anadaiwa, yule amekuwa wa mwisho, binti fulani ana tabia mbaya. Wakati wa likizo tabia hiyo huzidi, kwa kuwa ndipo ripoti za muhula zinapotoka na mwalimu huona njia fupi ni kuipiga picha karatasi nzima na kuituma kwa wote. Ni kosa. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na habari za mtoto si tangazo la mnada. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa walioongoza kitaifa. Ikiwa Baraza limeacha kumtangaza wa kwanza, mwalimu anapata wapi ruhusa ya kumtangaza wa mwisho? Ripoti ya mtoto iende kwa mzazi wake peke yake. Deni, kama lipo, lisemwe faraghani. Mzazi aliyeaibishwa mbele ya watu mia hatasoma tena neno la shule, na kumrudisha ni kazi ya mwaka mzima.

Tukisema hayo hatusahau kwamba mwalimu ni mfanyakazi, na gazeti la wafanyakazi haliwezi kumnyang'anya likizo yake. Twajua wazazi wanaomwandikia mwalimu saa nne za usiku kuuliza kiatu kilichopotea Oktoba, na wakikosa jibu kwa dakika kumi hufoka. Mwalimu hana kosa hapo. Kazi ya kutuma ujumbe wa wiki si lazima iwe ya mwalimu mmoja. Kamati ya shule, au bodi kwa shule za sekondari, inao wajumbe walio wazazi. Wapeane zamu, Mwalimu Mkuu ahakiki maneno kabla hayajatumwa, na kamati ikubaliane mapema juu ya fedha ya kutumia ujumbe wa simu, wala isichomolewe mfukoni mwa mwalimu. Kundi liwekwe katika utaratibu wa viongozi wake peke yao kuandika, isipokuwa saa moja baada ya ujumbe wa wiki, wazazi waulize na wajibiwe. Saa hiyo ikiisha, kila mtu akale chakula chake na watoto wake.

Wazazi nao waitikie. Ni rahisi kuilaumu shule. Mzazi asiyefungua ujumbe, asiyejibu swali la mwalimu, asiyejua mwanawe yuko darasa la ngapi, hatasaidiwa na mtambo wowote. Tunawajua akina baba wanaofuatilia kila ununuzi wa mchezaji wa klabu yao likizo nzima, saa kwa saa, na ambao Januari huuliza shule zinafunguliwa lini. Waajiri pia wakumbuke kwamba kibarua aliye zamu Jumamosi jioni ana watoto kama meneja alivyo nao. Dakika kumi za kusoma ujumbe wa shule hazitasimamisha kiwanda.

Ili hayo yawezekane, kazi lazima ianze kabla kengele ya mwisho haijalia. Katika wiki mbili za mwisho za Novemba, kila kamati ya shule iketi mara moja, ihakiki namba za wazazi na za wale watakaokaa na watoto, ihesabu nyumba zisizo na simu na kuzigawa kwa mabalozi na wajumbe wa serikali ya mtaa au kijiji, iandike ujumbe wa wiki zote za likizo na kuupanga, na ichague watu wa zamu. Kundi la darasa la mwisho lisivunjwe siku ya mahafali, bali liachwe hai mpaka mtoto wa mwisho awe ameripoti sekondari, na jina lake limesomwa na mwalimu wake mpya.